Simu Haina Mbalamwezi

Mbalamwezi inapokolea, mitumbwi ya dagaa hulala nchi kavu. Katika mialo ya Chato, Muganza na Kasenda na kwingineko pande hizi za kusini magharibi mwa Ziwa Victoria, dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani karabai, siku hizi zaidi taa za betri na sola. Taa inaelea juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unawazunguka. Lakini taa hiyo inahitaji giza. Mwezi ukijaa, ziwa zima linang'aa, dagaa wanatawanyika, na anayewasha taa anaingia gharama ya bure. Ndiyo maana kila mwezi zipo siku ambazo wavuvi hawaingii. Wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi inayovuja, wanapanda basi kwenda kuwaona watoto Sengerema au Biharamulo, wanalala usiku kama watu wengine. Tajiri mwenye mtumbwi, hata awe mkali vipi, hata awe na deni benki, hawezi kuwaamuru waingie. Na hakuna mvuvi anayelazimika kumwomba ruhusa ya kupumzika. Ruhusa imeshatoka juu.

Kazi nyingine zilizoijenga wilaya hii ya Chato nazo zilikuwa na kitu cha namna hiyo, kitu kilichosimama nje ya mwajiri na mwajiriwa kikasema basi. Mkulima wa pamba aliongozwa na mvua na jua. Mchungaji alirudi na ng'ombe kabla ya giza. Mnada ulivunjika jua likielekea kuzama. Karani alifunga jalada, akalirudisha kabatini, akageuza ufunguo, na jalada halikuweza kumfuata nyumbani. Hata mchimbaji mdogo wa dhahabu, ambaye kazi yake ni ngumu na ya hatari kuliko zote hizi, akishaingia kwenye duara, yaani shimo la machimbo, hapatikani. Chini kule hakuna mtandao. Simu ameiacha kwa mwenzake aliye juu, na anayempigia, awe mkewe au anayemdai, ataambiwa asubiri apande.

Simu ya mkononi imeondoa vizuizi hivyo vyote kwa watu wa ofisini, wa darasani na wa dukani. Sasa jalada linamfuata karani hadi mezani anapokula, na hadi kitandani. Tumezoea kulizungumza jambo hili kana kwamba ni tabia ya mtu mmoja mmoja: fulani hana kiasi, fulani amekuwa mtumwa wa simu, fulani ajifunze kuizima. Mimi naona tumemshika asiyehusika. Mpaka kati ya kazi na nyumbani hauwezi kuwekwa na anayepokea ujumbe. Wa kuuweka ni anayeutuma, hasa akiwa mkubwa wa kazi.

Tazama jioni ya mwalimu wa shule ya msingi. Sisemi ya shule fulani, kwa sababu ukimuuliza mwalimu yeyote mkoani Geita, au popote nchini, atakueleza hadithi inayofanana na hii. Amemaliza vipindi, amesahihisha madaftari, amefika nyumbani. Ugali uko jikoni. Simu inalia mlio wa kundi la WhatsApp. "Habari za jioni wakuu. Takwimu za wanafunzi wasio na sare zinahitajika haraka sana. Mwisho wa kupokea ni leo saa 4 usiku." Chini yake majibu yanaanza kumiminika: nimepokea mkuu, nimepokea mkuu, pokea mkuu. Anayechelewa kuandika "nimepokea" anajulikana mara moja, kwa kuwa orodha ya waliokwisha kuusoma ujumbe iko wazi kwa aliyeutuma. Mwalimu anatafuta daftari la mahudhurio, anakumbuka liko shuleni, anaanza kuwapigia wenzake wa madarasa mengine. Bando ni la kwake. Simu ni ya kwake. Chaji ni ya kwake. Ugali umepoa, na mtoto aliyekuwa akisubiri kukaguliwa hesabu zake za kugawanya amelala na daftari kifuani.

Takwimu zile, mara nyingi, zilikuwa zimeombwa mezani kwa mtu asubuhi. Aliyeombwa akazikumbuka saa 12 jioni, akaushusha mzigo chini, naye wa chini akaushusha tena, mpaka ukamfikia asiye na wa kumshushia. Haraka hiyo haikuletwa na jambo lenyewe. Ilizaliwa njiani, na simu ikaibeba bila kuuliza. Enzi za barua na tarishi, uzembe wa ngazi ya juu ulijionyesha, maana barua iliyochelewa kuandikwa ilichelewa kufika na kila mtu aliona tarehe. Sasa aliyechelewa anaufidia uzembe wake kwa kula usiku wa mwenzake, na kumbukumbu zinaonyesha kila kitu kimefika kwa wakati.

Sheria ya nchi ina la kusema hapa, na inasikitisha kwamba wanaoifahamu ni wachache. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kazi kwa wiki na saa 9 kwa siku. Kazi ya ziada haitakiwi kuzidi saa 50 katika kila wiki 4, tena kwa makubaliano, na malipo yake yasipungue mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Kazi ya usiku, ambayo kwa sheria ni kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, ina nyongeza yake. Kuna kifungu kingine ambacho ningependa kibandikwe kwenye mlango wa kila ofisi: mfanyakazi anastahili mapumziko ya angalau saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi siku moja na kuianza siku inayofuata, na kila wiki apate saa 24 za kupumzika.

Sasa piga hesabu. Ofisi za serikali hufunguliwa saa 1:30 asubuhi. Rudisha saa 12 nyuma, unafika saa 1:30 usiku. Mwalimu aliyetuma takwimu saa 4 usiku na kusimama ofisini saa 1:30 asubuhi amepewa saa 9 na nusu, na ndani ya hizo anatakiwa kuoga, kula, kulala, kuamka na kutembea. Ndiyo, sheria ina milango yake: mapumziko yanaweza kupunguzwa hadi saa 8 kwa makubaliano ya maandishi na kwa hali maalumu, baadhi ya wanaowasimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri hawamo katika vifungu hivi, na kazi ya dharura isiyoweza kufanyika saa za kawaida haihesabiwi. Idadi ya watoto wasio na sare si dharura. Watoto walewale watakuwa hawana sare kesho asubuhi.

Sheria hiyo ilitungwa wakati WhatsApp haijazaliwa. Haitaji kundi la simu wala tiki za bluu. Hata hivyo saa 12 ni saa 12, na kazi haiachi kuwa kazi kwa sababu imefanyikia sebuleni.

Wapo wanaosema: azime simu. Ushauri huu unatolewa kwenye semina, kwenye redio, kanisani na msikitini, na wanaoutoa wana nia njema. Nadhani wengi wao hawajawahi kukaa kijijini kandokando ya ziwa wakasubiri habari. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa na mamia ya abiria kutoka Bukoba na Kemondo. Simu za mkononi zilikuwa na miaka miwili tu nchini, na zilikuwa mali ya wachache mijini. Katika kanda hii yote, upande wa Kagera ambako Chato ilihesabiwa hadi mwaka 2012, watu walikaa karibu na redio za betri. Aliyekuwa na ndugu safarini hakuwa na namna ya kujua kama alipanda meli ile au alighairi dakika ya mwisho. Wengine walisafiri hadi Mwanza kwenda kutazama kwa macho. Aliyeipitia hali hiyo, au aliyelelewa na walioipitia, halali na simu iliyozimwa. Anailaza karibu na mto, mlio umefunguliwa, kwa sababu ndiyo mlango ambao taarifa ya msiba itapitia, au mama aliyezidiwa usiku, au mtoto wa kidato cha pili aliyelazwa akiwa bwenini.

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo lenyewe. Ujumbe wa takwimu na taarifa ya kifo vinapita mlango mmoja. Ukimwambia mtu aufunge mlango ili asisumbuliwe na ofisi, unamwambia pia awe tayari kuupata msiba wa mama yake asubuhi, baada ya majirani. Hakuna Msukuma wala Mzinza atakayeukubali ushauri huo, na hana sababu ya kuukubali. Mlango huo ataendelea kuuacha wazi. Ndiyo maana anayeutumia kupitishia mambo madogo anatumia kitu kitakatifu cha mtu, na wala hakimgharimu chochote.

Pesa nazo zimeingia mlango huohuo. Tangu M-Pesa ilipofika Tanzania mwaka 2008, na huduma za mitandao mingine zilipofuata, simu imekuwa pochi, benki na kitabu cha madeni. Pita Buseresere jioni, au vuka uingie Katoro, miji miwili inayogusana hata mgeni asijue ameacha Chato na kuingia wilaya ya Geita saa ngapi. Vibanda vya mawakala vimepangana, mabango ya rangi zote. Dhahabu iliyouzwa mchana inatafutiwa njia ya kwenda nyumbani: ada ya shule, dawa za bibi, mabati ya nyumba inayojengwa kidogokidogo. Wakala akifunga kibanda saa 3 usiku, kazi haijaisha. Mwingine anapiga kuomba floti. Mwingine ametuma kwa namba isiyo sahihi na analia. Huyu wakala hana bosi wa kumlaumu wala sheria ya saa 45. Bosi wake ni mimi na wewe, tunaompigia saa 5 usiku kwa muamala ambao ungengoja kuche. Na muuguzi ni hivyohivyo. Akiwa zamu, au akiwa kwenye orodha ya kuitwa, anaitwa na anakwenda, na hiyo ni kazi aliyoiapia. Lakini majirani tunampigia usiku wa mapumziko yake kuuliza kidonge hiki kinamezwa kabla au baada ya kula, swali ambalo jibu lake liko kwenye karatasi ya dawa.

Kwa hiyo ninaposema anayetuma, simaanishi wakubwa wa ofisi peke yao. Kila mmoja wetu ana mtu ambaye hawezi kumkatalia simu. Kijana wa bodaboda hamkatalii mteja wake wa kila siku. Dada wa kazi hamkatalii mama mwenye nyumba. Mdogo hamkatalii kaka anayemlipia ada. Popote penye mtu asiyeweza kukukatalia, mpaka uko mikononi mwako.

Chato ina sababu yake ya kulitafakari hili kwa undani. Hapa ndipo alipozaliwa na hapa ndipo alipozikwa, tarehe 26 Machi 2021, John Pombe Magufuli, aliyeingia Ikulu mwaka 2015 kwa kaulimbiu ya Hapa Kazi Tu. Wengi tunakumbuka alivyokuwa akisimamisha msafara barabarani, anamsikiliza mwananchi mwenye kero, kisha anampigia waziri palepale na kuisogeza simu kwenye kipaza sauti ili umati usikie. Kwa mama aliyedhulumiwa kiwanja, simu ile ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuona ofisi kubwa inaharakishwa kwa ajili yake. Sitaki kulibeza hilo. Watu walikuwa wamechoka kuambiwa njoo kesho.

Ninachokiona ni kwamba baadhi ya waliofuata mfano huo walichukua haraka wakaacha sababu yake. Simu ya barabarani ilipigwa na mkubwa kwenda kwa mkubwa mwenzake, mtu mwenye mamlaka, gari na wasaidizi, kwa ajili ya mnyonge aliyesimama mbele ya watu. Ujumbe wa saa 4 usiku unatoka kwa mwenye cheo kwenda kwa asiye nacho, kwa ajili ya jedwali. Ukiwauliza wanaoutuma, watasema uchapakazi ndivyo ulivyo. Mimi nimelelewa na wachapakazi. Wazee wa pande hizi waliamka kabla ya jogoo kwenda kulima pamba, na jua likizama walilitua jembe, wala hakuna aliyewaita wavivu.

Jioni zile, kwenye miji ya Wasukuma, wanaume na vijana walikaa kuzunguka moto wa shikome. Hapo kijana alisikia ukoo wake, mipaka ya mashamba, makosa ya waliotangulia, namna ya kuamua ugomvi. Siitamani shikome irudi kama ilivyokuwa. Mama zetu na dada zetu hawakualikwa kukaa pale, walikuwa jikoni. Ninachokitamani ni saa ile yenyewe, saa ambayo mkubwa wa nyumba alikuwepo kwa mwili na kwa akili, na mdogo aliweza kuuliza swali la pili baada ya kujibiwa la kwanza. Swali la pili ndilo linalopotea siku hizi. Mtoto anauliza, baba anajibu macho yakiwa kwenye kioo cha simu, na mtoto anaona kabisa kwamba baba ameondoka. Haulizi tena. Akifika umri wa miaka kumi na minne, mzazi analalamika kwamba kijana hasemi kitu nyumbani.

Na mara nyingi baba huyo hachezi. Anaandika "nimepokea mkuu."

Nchi nyingine zimejaribu kulitungia sheria jambo hili. Ufaransa, tangu tarehe 1 Januari 2017, kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zinatakiwa kujadiliana na wafanyakazi wao juu ya haki ya kutopatikana baada ya kazi. Jirani zetu wa Kenya walilipeleka bungeni: mwaka 2022 Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, aliwasilisha muswada wa kumlinda mfanyakazi asilazimike kumjibu mwajiri nje ya saa za kazi. Shirikisho la waajiri la huko liliupinga. Ningefurahi kuona mjadala huo Dodoma. Lakini najua pia kwamba Chato walioajiriwa kwa mkataba wa maandishi ni wachache kuliko wavuvi, wachimbaji, wakulima na wachuuzi, na sheria yoyote itachukua muda kuwafikia. Wakati tunaisubiri, kuna mambo yanayofanyika tayari, kimyakimya, na watu wasiosubiri semina.

Wapo waliorudi kwenye kitochi. Laini ya familia imewekwa kwenye simu ndogo isiyo na intaneti, inakaa na chaji siku kadhaa, usiku inawekwa karibu na kitanda. Simu janja inabaki kabatini. Msiba ukitokea, watapigiwa. Msiba haukuwahi kutangazwa kwa jedwali. Wapo wanaozima data jioni na kuiacha laini wazi, jambo ambalo pia linaokoa bando. Msingi wa njia hizi mbili ni mmoja, nami nauona ni wa busara sana: jambo zito hupigiwa simu, jambo jepesi huandikwa. Tukikubaliana hivyo, kila mtu anaweza kunyamazisha maandishi yote usiku bila hofu, na akaacha mlio wa kupigiwa tu. Mlango unabaki wazi kwa mama mgonjwa, takwimu zinakaa nje kusubiri asubuhi.

Hata hivyo njia hizi zina wenyewe. Mwalimu mwenye ajira ya kudumu na miaka ishirini kazini anaweza kuzima data akalala. Mwalimu wa kujitolea, aliyemaliza chuo na anasubiri ajira mwaka wa tatu sasa, anayefundisha kwa posho inayochangwa na wazazi, hawezi. Kila ujumbe kwake ni mtihani wa kuonekana yuko tayari. Kijana wa dukani anayelipwa kwa siku hawezi. Mtendaji wa kijiji aliye kwenye kipindi cha majaribio hawezi. Ndiyo sababu nashikilia kwamba ushauri wa kumfundisha mpokeaji kujizuia unawafaa zaidi wale ambao tayari wana uhuru kidogo, na kuwaacha palepale wale ambao wangeuhitaji zaidi.

Nimewahi kumsikia mwalimu mkuu mmoja wa kata za huku akieleza alivyofanya. Hakuitisha kikao wala hakuandika waraka. Aliwaambia walimu wake: nikiwaandikia baada ya jua kuzama, mjue nimeandika nisisahau, msijibu mpaka asubuhi, kukiwa na jambo la kweli nitapiga. Wiki za mwanzo waliendelea kumjibu usiku, kwa woga. Akawa anawaita asubuhi mmoja mmoja, kwa upole, anamuuliza: mwalimu, kwa nini hukulala? Baadaye hata yeye aliona hana haja ya kuandika usiku. Sasa anayaandika mambo yake kwenye daftari na kuyatuma kukicha. Nilipomuuliza kama wakubwa zake hawamsumbui, alisema wanamsumbua kama kawaida, na takwimu zikitakiwa usiku hutuma zile za wiki iliyopita alizoziweka tayari kwenye simu yake, au huomba hadi saa 2 asubuhi. Akasema mara nyingi hupewa hiyo saa 2 asubuhi, kwa sababu aliyeziomba naye alikuwa amechoka na alitamani kulala.

Jibu hilo limekaa nami. Juu yake kulikuwa na mtu aliyetaka kulala, na pengine juu ya huyo kulikuwa na mwingine. Ngazi nzima ya watu waliochoka, kila mmoja akimuamsha aliye chini yake kwa hofu ya aliye juu, na ilitosha mmoja katikati kusema asubuhi.

Mwalimu mkuu huyo hakubadilisha sera wala hakushindana na mtu. Alitumia mamlaka madogo aliyonayo kwa watu wachache walio chini yake. Walimu wale sasa wana jioni. Nadhani uongozi mwingi tunaouhitaji ni wa namna hiyo, wa mtu kukubali kuwa kizuizi, mzigo ukamfikia yeye ukalala kwake hadi kukuche.

Basi nakuomba, wewe mwenye watu chini yako: mkuu wa shule, mganga mfawidhi, mtendaji wa kata, mwenye duka, tajiri wa mtumbwi, mwenye mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, mama unayemwajiri dada wa kazi. Saa 1:30 usiku ikifika, usitume. Ukikumbuka kitu, kiandike. Kama ni moto, ajali, mgonjwa au kifo, piga. Vingine vyote vitume saa 1:30 asubuhi. Waambie watu wako leo kwamba hivyo ndivyo utakavyofanya, uwaambie kwa mdomo, uso kwa uso, ili hata yule kijana wa kujitolea asikie kwako mwenyewe kwamba akilala hujamwekea alama.